Tusinunue Shokapu kwa Rangi Yake



Kila tawi lenye gari linaujua ubishi huu. Mweka hazina anasoma hesabu, anafika kwenye mstari wa vipuri, na mara mtu anauliza kutoka nyuma: "Shokapu tena?" Kuhusu mafuta hakuna anayeuliza, kwa sababu kila mtu anaelewa mafuta yanakwenda wapi. Lakini shokapu ni vyuma vinne vilivyojificha chini ya gari, na gari hutembea hata zikiwa zimekufa. Kwa hiyo wako wanachama wanaosema zisinunuliwe kabisa mpaka gari ligome. Wako wanaosema zinunuliwe zile za bei ya chini kuliko zote. Na wako vijana wetu wapenda magari, ambao wanataka zile nene za rangi ya kung'aa, zenye chupa ya pembeni, walizoziona kwenye picha za mashindano.

Sisi hatuungi mkono kundi lolote katika hayo matatu. Fedha hizi zimekatwa kwenye ujira wa mtu aliyechuma chai kwa kilo na mtu aliyekata miwa kwa mistari. Haifai zitumike ovyo, na vilevile haifai zifungiwe sandukuni wakati watu wanapanda gari lisiloshika barabara. Tunasema shokapu ichaguliwe kwa mzigo, kwa barabara na kwa tepu ya kupimia, na kamati ya tawi ijue kwa nini imechukua hii ikaacha ile. Hii si kazi ya kumwachia dereva peke yake, wala fundi peke yake, na kwa hakika si kazi ya kumwachia muuzaji.

Tutazungumza juu ya gari moja, kwa sababu ndilo tunalolijua zaidi: Land Cruiser HZJ75, lile refu lenye mabenchi ya pembeni nyuma na injini ya dizeli ya lita 4.2, lililotengenezwa miaka ya 1990. Mwaka 1999 Toyota walibadilisha aina hiyo, wakaweka springi za koili mbele. Kabla ya hapo lilikuwa na springi za vyuma bapa, kimoja juu ya kingine, mbele na nyuma. Maana yake ni kwamba hata lile changa kabisa katika hayo limekwisha kupita miaka 25. Ni gari gumu, na fundi wa mji mdogo analifahamu. Lakini gari la umri huo limepita mikono mingi, na chini yake kuna historia isiyoandikwa popote. Mwenye gari mmoja aliongeza chuma kwenye springi ili abebe mahindi. Mwingine alikata kishikio kilichopasuka akachomelea kingine, juu kidogo au chini kidogo. Ndiyo sababu kuingia dukani na kusema "nipe za Land Cruiser" hakutoshi.

Kazi ya gari lenyewe nayo haifanani kila mahali. Upande wa miwa, huko Kakira, Lugazi na Kinyara, barabara za mashamba zimesagwa na matrekta na malori ya miwa mpaka zikawa na mikunjo kama bati la paa, na wakati wa kiangazi vumbi linaingia kila penye mwanya. Upande wa chai, Kyenjojo, Kabarole na Bushenyi, gari linapanda na kushuka vilima, na mvua ikinyesha udongo mwekundu unateleza kama sabuni. Huku gari linakwenda polepole, kule linakimbia. Muuzaji aliyeko mjini hajui gari lako linalala wapi. Ni juu yako kumwambia.

SHOKAPU HAIBEBI MZIGO

Hili ndilo kosa linalokula fedha nyingi kuliko yote, na tunaomba lisomwe mara mbili. Gari limelala upande mmoja, au limechuchumaa nyuma, na mtu anasema, "Shokapu zimekwisha, nunua ngumu zaidi." Hapana. Kinachobeba gari ni springi. Shokapu haibebi kitu. Gari lililochuchumaa lina springi iliyochoka, au chuma kimoja kimevunjika katikati ya fungu, au bolti ya katikati imekatika na ekseli imesogea. Ukiweka shokapu mpya juu ya springi iliyovunjika, utakuwa umetumia fedha na gari litabaki limelala vilevile.

Kazi ya shokapu ni kutuliza. Ndani yake kuna silinda yenye oili, na pistoni yenye vitundu na valvu ndogo. Gurudumu likipanda juu ya jiwe, pistoni inasukumwa ndani, na likishuka inavutwa nje. Kila mara oili inalazimika kupenya kwenye vitundu vile vyembamba, kwa hiyo mwendo unapungua na nguvu yake inageuka joto. Aliyewahi kujaza upepo tairi ya baiskeli kwa pampu ya mkono anajua pampu inavyopata moto karibu na mdomo. Mnyumbuko wa springi usipotulizwa namna hiyo, springi inaendelea kuchezacheza kama kamba iliyopigwa, na gurudumu linaruka.

Tuhesabu kidogo. Chukua barabara yenye mikunjo iliyoachana sentimita 75. Kilomita moja ya barabara hiyo ina mikunjo zaidi ya 1,300. Ukienda kilomita 60 kwa saa unamaliza kilomita moja kila dakika, yaani kila shokapu inasukumwa na kuvutwa zaidi ya mara 20 kwa sekunde moja. Jaribu kupiga makofi mara 20 kwa sekunde moja uone. Na safari ya kutoka ofisi ya tawi hadi kambi ya mwisho inaweza kuwa saa nzima ya kazi hiyo. Oili inachemka, inachanganyika na hewa iliyo ndani, inakuwa povu. Na povu linapita kwenye vitundu bila kuzuiwa. Hapo dereva anahisi gari limeanza kuelea. Likipumzika na kupoa, hurudi kuwa zuri kidogo, naye husema shokapu ni nzima.

Gurudumu lililo hewani halishiki breki, na halikati kona. Hilo tu ndilo linalotufanya tuandike ukurasa mzima juu ya vyuma vinne. Gari hili ndilo linalompeleka mwakilishi kambini kabla ya saa 12 asubuhi, watu hawajaingia shambani. Usiku linapeleka mgonjwa kwenye zahanati. Nyuma wamekaa watu 10 kwa ubavu, magoti kwa magoti, bila mkanda. (Tungependa siku moja tuachane na mabenchi ya pembeni, lakini hiyo ni ajenda ya mkutano mwingine.) Trekta la miwa likitokea kwenye kona na dereva akakanyaga breki, lililo kati ya watu hao na ajali ni mpira wa tairi kugusa ardhi au kutoigusa.

KABLA YA KWENDA DUKANI

Wengi hupima shokapu kwa kukalia bampa na kuona kama gari linanesanesa. Kwa gari dogo la mjini kipimo hicho kinasaidia. Kwa HZJ75 kinadanganya, maana springi zake ni ngumu na vyuma vyake vinasuguana, hivyo gari linaweza kutulia hata shokapu zikiwa tupu. Tunapendelea kipimo cha mkono. Endesha kilomita 10 au zaidi kwenye barabara mbaya, simama, kisha usogeze mkono karibu na kila shokapu. Usishike kwa pupa, zinaweza kuunguza. Zote nne zinapaswa kuwa na joto. Ile iliyo baridi wakati wenzake wana moto haikufanya kazi yoyote njia nzima; ni kama msimamizi anayerudi kutoka shambani na shati kavu.

Angalia pia kama oili imetoka. Unyevu kidogo wenye vumbi karibu na sili si kitu, lakini shokapu iliyolowa mpaka chini imekwisha. Angalia fimbo kama imepinda, mwili kama umebonyea, mipira ya bushi kama imepasuka. Pitisha kiganja juu ya tairi. Tairi iliyoliwa kwa mafungumafungu, hapa bonde, hapa kilima, mara nyingi inasema kwamba gurudumu lilikuwa linarukaruka. Kisha kagua springi, bolti zake za umbo la U, pini zake na bushi zake. Springi ikiwa na kasoro, fedha zianzie hapo, shokapu zisubiri.

Baada ya hapo andikeni mzigo, na muuandike kwa ukweli. Watu 10 wa kilo 65 ni kilo 650. Ongeza dereva na wawili mbele, tairi mbili za akiba, madumu, vipaza sauti, na gunia la mtu ambaye daima "anashuka hapo mbele tu". Kama gari linatembea hivyo siku nne kwa wiki, chagueni shokapu ya gari lililojaa. Kama mara nyingi linakwenda na watu watatu na kupakia siku ya mkutano mkuu tu, chagueni ya kati. Shokapu ngumu kwenye gari tupu inawaumiza abiria migongo, na ugumu huo unahamia kwenye chesisi, kwenye vile vishikio vya zamani vilivyochomelewa.

Muuzaji atakuambia ngumu ndiyo imara. Mwulize, ngumu ikienda upande upi? Shokapu inatuliza pande mbili, wakati wa kubonyea na wakati wa kurudi, na kwa kawaida nguvu yake ya kurudi ndiyo kubwa zaidi, kwa sababu springi iliyobanwa hutaka kulirusha gari juu. Tawi lililoongeza chuma kwenye springi linahitaji shokapu yenye nguvu zaidi ya kurudi. Lakini shokapu iliyo ngumu mno wakati wa kubonyea hailiachi gurudumu lipande juu ya jiwe; inalinyanyua gari zima. Asiyeweza kujibu swali hili anauza rangi tu.

TEPU NDIYO SHAHIDI

Sasa urefu. Hapa ndipo mafundi wazuri wanapoachana na mafundi wa kubahatisha. Kila shokapu ina vipimo viwili: urefu wake ikiwa imefungwa kabisa, na urefu wake ikiwa imefunguka kabisa. Kwenye chesisi kuna kile kipande cha mpira kinachoizuia ekseli isigonge chuma. Ekseli inapofika kwenye mpira huo, shokapu lazima iwe bado na nafasi kidogo ya kujifunga. Isipokuwa nayo, shokapu ndiyo itakayopokea pigo lote badala ya mpira, na itajivunja ndani au itang'oa kishikio. Na ekseli inaponing'inia, gurudumu likiwa limeingia shimoni, shokapu lazima iwe na urefu wa kutosha, isije ikavutwa mpaka ikakatika.

Kwa hiyo gari likiwa limesimama mahali tambarare, na mzigo wake wa kawaida, pima kutoka kishikio cha juu hadi cha chini. Pima nafasi iliyobaki kati ya ekseli na ule mpira. Ondoa ya pili kwenye ya kwanza, utapata makadirio ya urefu ambao shokapu iliyofungwa inapaswa kuwa chini yake. Kama shokapu imelala kwa mshazari, fundi atarekebisha hesabu kidogo. Fanyeni hivyo kwa magurudumu yote manne, maana gari lililochomelewa linaweza kuwa na tofauti kulia na kushoto. Gari lililoinuliwa kwa springi za juu zaidi linahitaji shokapu ndefu zaidi. Gari ambalo springi zake zimelala kwa uzee halihitaji, na hapo ndipo wengi wanapokosea, wanapima gari lililolala na kununulia ulalo wake.

Angalieni ncha pia. Nyingine zina jicho lenye bushi, nyingine zina fimbo yenye nati na mipira miwili. Chukueni ile ya zamani mwende nayo dukani. Ni mzigo mchafu kwenye basi, lakini haubishani.

AINA GANI BASI?

Ukiondoa majina ya biashara, aina za kweli ni chache. Ya kwanza ina bomba mbili, moja ndani ya nyingine, na oili tupu. Ni ya bei nafuu na kwa mwendo wa pole inatosha, lakini kwenye mikunjo mirefu oili yake inawahi kuwa povu. Ya pili ni hiyo hiyo ya bomba mbili, ila juu ya oili imetiwa gesi ya nitrojeni yenye mgandamizo mdogo, ili povu lichelewe. Ya tatu ina bomba moja, na gesi yake ina mgandamizo mkubwa sana, imetengwa na oili kwa pistoni inayoelea. Hii inapoa haraka kwa sababu oili inagusa ukuta wa nje. Lakini ukuta huo ndio njia ya pistoni. Jiwe likiubonyeza, pistoni inakwama, shokapu imekwisha. Katika ile ya bomba mbili jiwe hugonga bomba la nje, na pistoni mara nyingi inaendelea na kazi.

Zile zenye chupa ya pembeni zina nafasi ya oili na gesi zaidi, kwa hiyo zinastahimili joto. Zilitafutwa na watu wanaokimbia kwa kasi jangwani na kwenye mashindano. Zina mpira wa kupitisha oili au viungo ambavyo kisiki cha muwa kinaweza kuvikwaruza, na zikianza kuvuja huko Kinyara hakuna wa kuzifungua. Vijana watusamehe. Si kwamba ni mbaya, ni kwamba si za kazi hii, na bei yake ni ya seti kadhaa za kawaida.

Kwa gari letu, kwa barabara zetu, sisi tunachagua ile ya bomba mbili yenye gesi kidogo, ya mwili mnene unaobeba oili nyingi, iliyotengenezwa kwa springi za vyuma bapa na kwa gari linalobeba watu. Msuguano wa vyuma bapa tayari unatuliza kidogo, kwa hiyo shokapu iliyopangwa kwa springi za koili haifai kuhamishwa hivi hivi, hata kama ncha zake zinaingia. Tawi lenye safari ndefu za mikunjo kila siku, na mawe machache, linaweza kufikiria ile ya bomba moja, na hatutagombana nalo. Viwanda vinavyotengeneza shokapu za kuaminika viko vingi: KYB na Tokico za Japani, Monroe, Koni ya Uholanzi, Bilstein ya Ujerumani, Old Man Emu ya Australia. Hatumtangazii mtu biashara. Tunataja ili mjue kwamba jina peke yake halitoshi, kwa sababu kila kiwanda kati ya hivyo kinatengeneza aina mbalimbali, na namba ya kipuri ndiyo inayosema ipi ni ya gari lako.

Namba hiyo iandikwe kwenye karatasi kabla ya kutoka ofisini. Na hapa tuseme jambo la bandia. Jina zuri huchapishwa kwenye boksi lolote. Tawi moja, ambalo hatutalitaja, liliuziwa shokapu katika duka ambalo pia hatutalitaja: boksi la jina kubwa, ndani kuna kitu chepesi, rangi imepita juu ya vumbi la kuchomelea, namba ya kwenye boksi si ile ya kwenye chuma. Muda mfupi baadaye zote mbili za nyuma zilikuwa zimelowa. Pimeni uzito kwa mkono, linganisheni namba, angalieni kama mchomo wa jicho ni safi, na dai risiti inayotaja namba. Muuzaji asiyetaka kuandika namba kwenye risiti amekwisha kujibu swali lako.

Zilizotumika, zile zinazoshushwa zikiwa zimefungwa kwa waya pamoja na injini kuukuu, tusinunue kabisa. Injini utaiwasha uisikie. Sanduku la gia utalifungua. Shokapu imefungwa kiwandani, huoni ndani yake, na mtu aliyeing'oa kule ilikotoka alikuwa na sababu.

Tununue kwa jozi, mbili za mbele au mbili za nyuma, na fedha zikiruhusu zote nne. Kununua moja ni kuwa na gari linaloshika barabara upande mmoja, na upande huo huo ndio utakaolivuta dereva anapokanyaga breki. Kama fedha zinatosha jozi moja tu, tunashauri zile zilizokutwa mbaya zaidi kwa kipimo cha mkono zianze, na nyingine ziingizwe kwenye bajeti kwa tarehe. Bushi mpya zinunuliwe pamoja. Ni aibu kuona shokapu nzuri ikigongagonga kwenye mpira uliokufa.

KUFUNGA

Kazi ya kufunga si ngumu, lakini ina mauti ndani yake. Mtu asiingie chini ya gari lililoinuliwa kwa jeki peke yake. Wekeni magogo au vigingi vya chuma chini ya chesisi, zuieni magurudumu. Shokapu ikifunguliwa ekseli inaweza kushuka ghafla na kuvuta mpira wa breki, kwa hiyo nayo ishikiliwe kwa jeki ya pili. Shokapu ya bomba mbili isimame wima na kusukumwa ndani na nje mara kadhaa kabla ya kufungwa, kwa kuwa ilipolala dukani hewa iliingia mahali pa oili. Isifungwe juu chini. Bolti za jicho zikazwe mwisho kabisa, gari likiwa limeshuka na kusimama kwa magurudumu yake, la sivyo bushi itakaa imejisokota maisha yake yote. Mipira ya ncha za fimbo isikazwe mpaka ikafura kama andazi. Baada ya siku chache za kazi nati zote zirudiwe kwa spana.

Dereva naye ana sehemu yake. Wako wanaoamini kwamba kwenye mikunjo inafaa kukimbia ili gari "lielee". Ni kweli linaelea, na ndiyo shida yenyewe. Kwenye safari ndefu asimame, shokapu zipoe. Na kamati inayomhimiza awahi mkutano, kisha inamlaumu kwa vipuri, ijitazame.

GARI LA MWAJIRI JE?

Mpaka hapa tumezungumza juu ya gari letu. Lakini wengi wa wasomaji wetu hawapandi gari la chama. Wanapanda pikapu ya kampuni, au tela la trekta. Mkataba Na. 184 wa Shirika la Kazi Duniani wa mwaka 2001, unaohusu usalama na afya katika kilimo, unasema mitambo ya kilimo isitumike kusafirisha watu isipokuwa kama imetengenezwa au imerekebishwa kwa ajili hiyo. Unasema pia kwamba mfanyakazi anayeamini kwa sababu ya maana kwamba kuna hatari kubwa na ya karibu ana haki ya kujiondoa na kumwarifu msimamizi wake mara moja, bila kupata hasara kwa kufanya hivyo. Mkataba wa namna hiyo huifunga nchi iliyouridhia. Lakini hakuna kinachozuia chama kuyaleta maneno hayo hayo mezani na kudai yaandikwe katika mkataba wa pamoja na mwajiri. Uganda ina Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2006, na wakaguzi wapo wa kuandikiwa.

Mwakilishi aliyejifunza kusogeza mkono karibu na shokapu ya gari la chama anaweza kufanya hivyo kwa gari la mwajiri, jioni, watu wakishuka. Akikuta moja baridi na tatu za moto, aandike tarehe, namba ya gari na gurudumu, ampe meneja nakala na tawi libaki na nakala. "Gari lenu linaturusha" ni maneno ambayo meneja huyacheka. "Shokapu ya nyuma kushoto haina kazi tangu tarehe fulani, na gari limebeba watu 22 leo" hayachekwi, hasa yakisomwa mbele ya mkaguzi. Na mwajiri hawezi kutudai uangalifu katika gari lake kama la kwetu linachechemea langoni.

Kwa hiyo kila tawi liwe na daftari la gari. Tarehe, kilomita, namba ya kipuri, jina la fundi, risiti imebandikwa. Gari likibadilisha dereva, daftari linabaki.

Limebaki jambo dogo la zile zilizotolewa. Zisitupwe mtaroni, oili yake inaingia kwenye maji tunayochota. Wahunzi wengi wanazipenda kwa sababu ya fimbo yake, chuma kizuri cha patasi na sululu. Wapewe, lakini waambiwe kama ni za gesi. Ya bomba moja ikitiwa kwenye moto bila kutolewa gesi hulipuka, na watoto hupenda kusimama karibu na mfua.